Maneno ya Mama wa Getini

"Hapana, mjomba. Hajasema hivyo," mpwa wangu alisema. "Amesema nisubirini."

Alikuwa amesimama mbele ya runinga ya kibanda, sweta la shule amelifunga kiunoni, anasoma Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha. Mchana ulikuwa wa manyunyu na mabati yalikuwa yanadondosha maji.

"Rudia," nikamwambia.

"Anasema nisubirini, nakwenda kuwachukua watoto, narudi. Msifunge."

"Hakuna mahali anaposema nendeni?"

"Hakuna, mjomba."

"Wala kwamba ameridhika?"

"Ameridhika na nini?"

Benchi zima likageuka kunitazama. Hata mwendesha bodaboda, ambaye tangu nimfahamu hachoki kuongea, aligeuka. Pedi ya kuchezea gemu ilikuwa mikononi mwangu, nami sikubonyeza kitu.

Sasa nieleze, maana asiyejua atasema mtu mzima mwenye mvi anaumizwa na mchezo wa watoto.

Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya Malindi ya huku Lushoto, si ile ya pwani, chini ya mteremko mkali. Miti ya juu yetu ilikatwa yote na mtu mmoja aliyetaka kulima viazi mpaka kileleni. Tulimwonya, akatucheka. Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji. Alikuja, akala mahindi ya mama yangu, akafuta mdomo, akasema mlima huo umekaa hapo tangu enzi za babu zetu na hauna safari. Majina siandiki. Wanajijua, na sisi tunawajua.

Masika yale mlima ukapata safari. Ilikuwa asubuhi, mimi niko jiko la nje nawasha moto, mama yuko ndani. Nilitupwa hadi kwenye migomba, mguu ukavunjika. Mama aliniita. Sauti niliisikia, maneno sikuyasikia, kwa sababu udongo ukishuka unanguruma kama lori lililokatika breki. Halikuwa jina langu tu. Alisema kitu kirefu, kisha nyumba ikafunikwa. Alisema nini? Tulipomzika sikujua, na watu walipokuja kunipa pole nilikuwa nawatazama midomo nikijiuliza hilo hilo.

Nikahamia Lushoto mjini kwa dada yangu. Mguu ulikuwa umekataa jembe, na mwanamume asiye na jembe mchana mzima anakaa wapi? Nikawa nakaa kibanda umiza, kile cha kulipia kutazama video, nyuma ya soko. Jioni walikuwa wanaonyesha mpira. Mchana mwenye kibanda alikuwa anafungulia gemu, na gemu aliyokuwa nayo nzima ilikuwa moja.

Hiyo gemu inahusu sayari ya mbali. Watu walihamia huko na vyombo vya angani, wakajenga mji mlimani, halafu hewa ikaharibika, wengi wakafa, waliobaki wakajificha kwenye mabomba. Wewe ni fundi umetumwa uwatafute. Unaongea nao, unachagua cha kuwajibu, na ukichagua umechagua.

Nisiseme uongo, ilikuwa gemu mbovu. Mtu alikuwa anazama ukutani anabaki kichwa. Roboti walikuwa wanakupiga risasi kupitia mlima. Kufungua mlango mmoja, unasubiri mpaka chai inapoa.

"Hii si gemu, hii ni adhabu," alikuwa anasema mwendesha bodaboda. "Dakika kumi natembea kwenye ukungu, sijamwona hata panya. Mzee, wewe unapendea nini?"

"Ukungu," nikamjibu.

"Ukungu si upo hapo nje wa bure?"

Watu wakacheka. Lakini seremala, mtu wa makamo kama mimi, alikuwa upande wangu. "Huyo aliyetengeneza, mikono yake haijui kazi," alisema. "Nyuso zote kama nimechonga mimi nikiwa nimelewa. Ila ukungu amewahi kuuona kwa macho yake. Ona unavyopanda kutoka bondeni. Hauji kama moshi, unakuja kama mtu anayenyata."

Kweli tupu. Na ule mlio wa maji ndani ya mabomba, na upepo unaopita mahali palipokuwa na watu. Kwenye hiyo gemu nilikuta kijiji changu. Hakuna mahali pengine nilipokikuta tena.

Shida ilikuwa Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nne, wenzangu hawakunizidi sana. Kama ilivyo kwenye vibanda vya huku, filamu ya Kizungu haitazamwi bila mtafsiri, basi na gemu tukaiwekea mtafsiri. Huyu alikuwa mtembeza watalii asiye na watalii msimu ule. Alikuwa anakaa kwenye kiti kirefu pembeni ya runinga na kuongea kwa sauti za watu wote: mzee kwa sauti ya mzee, roboti kwa sauti ya pua. Akichoka Kiswahili anaingiza Kishambaa, na roboti likitukana kwa Kishambaa watu wanaanguka kwenye mabenchi. Tulikuwa tunapokezana pedi kama tunavyopokezana jembe kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Aliyeshika anacheza, wengine wanashauri, mtafsiri anasema kilichosemwa. Hakuna aliyemuuliza amekijuaje. Tangu lini mtafsiri akaulizwa?

Siku tuliyofika kwenye geti, zamu ilikuwa yangu. Nyuma yetu hewa mbaya inapanda, mbele kuna geti la chuma, na ndani ya ukungu amesimama mama mmoja, amejitanda kitambaa kichwani. Ukifunga geti, wewe na wachache uliowaokoa mnapona. Mama akaanza kuongea, maandishi yakapita mistari mingi.

"Anasemaje?" nikauliza.

Mwenye kibanda alikuwa ameshaanza kelele mlangoni: "Malizeni, mpira unaanza! Watu wamejaa hapa nje!"

Mtafsiri alinitazama kidogo. Halafu akasema, kwa sauti ya mama wa Kishambaa kabisa, taratibu: "Nenda mwanangu. Mimi nimeridhika. Usigeuke nyuma, funga."

Nikafunga.

Usiku ule nililala. Tangu tope lile sikuwa nimelala usingizi wa mtu, na nililala mpaka dada akaja kugonga akidhani nimekufa. Kwa sababu nilikuwa nimepata maneno ya kuweka pale ambapo hapakuwa na maneno. Nilijiambia kitu kirefu alichosema mama yangu, ni hicho. Nimekaa nacho miezi. Nilianza kula. Nilimsamehe hata mwenyekiti, kidogo.

Mtafsiri akaondoka kwenda Arusha kufuata watalii. Sisi tukaendelea kwa kubahatisha, mpaka gemu ikafanya ubovu wake mkubwa kuliko wote: ikaganda, tukaiwasha upya, ikatutupa nyuma kabisa, mbele ya geti lile lile, na mama yule amesimama. Mpwa wangu yuko likizo, kaja kuniletea mwavuli, kaniamkia shikamoo mlangoni. Nikamwambia ingia, tusomee. Nilitaka tu kuyasikia tena.

Mengine nimeshayasema hapo juu.

"Sasa tunafanyaje?" akauliza seremala.

"Tunasubiri," nikasema.

Sikufunga. Mama akageuka, akaingia kwenye ukungu kuwafuata hao watoto. Ukungu ukapanda, ukajaza kioo chote. Tukakaa. Mabomba yanadondosha maji, bati linadondosha maji.

"Imeganda," mwendesha bodaboda akasema.

"Haijaganda. Ona ukungu unatembea."

"Basi wamesahau kumrudisha. Si nilisema gemu mbovu hii?"

"Au ndivyo walivyotaka," akasema seremala. "Kwamba ukisubiri, unasubiri."

Walibishana mpaka benchi likagawanyika pande mbili, mmoja unasema ni kosa la waliotengeneza, mwingine unasema ni makusudi yao. Mimi nilikuwa natazama pale alipoingilia. Hakutoka. Mwenye kibanda akaja akachomoa waya, kwa sababu ya mpira.

Wengi wana hatia humu. Yuko aliyekata miti, yuko aliyekula mahindi yetu, wako waliotengeneza gemu wakaacha mama wa watu ndani ya ukungu. Hao siwategemei kunijibu. Lakini wewe mtafsiri, uko Arusha, unajua kusoma, na kibanda kizima kilikuwa kimekusimulia habari yangu. Njoo Lushoto, ukae kwenye kile kiti chako kirefu, uniambie mbele ya wale wale waliokuwepo: maneno yale uliyatoa wapi? Ulinihurumia, au ulikuwa unawahi mpira? Kama ni mpira, sema. Kama ni huruma, nani alikutuma umsemee mama yangu? Alisema kitu kirefu, na sasa kila nikifumba macho nasikia anasema nisubirini, na mimi niko kwenye migomba.

Njoo ujibu.