Ngao Iliyofungiwa Sukari

Picha ile ilitugharimu meno yangu mawili ya mbele, pua ya jirani na mwiko wa bibi. Nimepiga hesabu mara mbili: ni mwiko tu uliopatikana mwingine.

Juzi nimepita Kijenge, harufu ya sukari guru ikanikuta njiani, ulimi ukaenda wenyewe kwenye pengo. Unajua, rafiki yangu, enzi za Mwingereza mwenye duka wetu alifungia sukari kwa kurasa za magazeti ya picha yaliyotupwa na walowezi wa Usa River. Mimi nilikwenda dukani kwa mapatano: sukari ya bibi, karatasi yangu. Kurasa nilizibandika ukutani kwa uji mzito. Mfalme wa kale akikanyaga shingo za mateka. Mtungi wenye watu wanaochomana mikuki. Mwanamke wa mawe asiye na mikono.

“Huyu naye alikataa kodi?” bibi aliuliza, akaendelea kupepeta mahindi.

Siku moja nikafungua kifurushi, ikatokea ngao ya ngozi ya nyati. Bibi akaacha ungo. Akaweka kidole kwenye mpasuko ulioshonwa kwa kano, akahesabu mishono, akarudia.

“Huu uliopinda ni wangu. Babu yako alikuwa ananiharakisha, Wajerumani wameshavuka mto.”

Boma lilichomwa siku ile. Babu hakurudi, wala ngao. Sasa hii hapa, imetundikwa nyuma ya kioo, na chini yake maandishi ya Kizungu. Bibi alitaka kitu kimoja tu: kujua iko wapi.

Nikakimbia kumwita mwalimu. Bibi akaingia ndani kuvaa kanga ya kupokelea wageni. Hapo jirani akaja kuomba moto, kama kawaida yake, na kama kawaida yake akachana karatasi ya kusokotea tumbaku.

Tulimkuta anavuta.

“Shikamoo, mama. Nimechukua kipande cha chini tu, picha nimekuachia!”

Bibi alikuwa ametoka na kanga yake, akashika mwiko. Mwiko ulimpata puani ukakatika. Damu ikaruka mpaka kwa mfalme ukutani. Nikarukia mkono wenye sigara, kiwiko kikanijibu mdomoni. Nilipotema meno, maandishi yalikuwa majivu. Mwalimu alibaki mlangoni, miwani mkononi, hana cha kusoma.

Bibi amekufa akiuliza. Ukuta wa picha umebomolewa, duka halipo. Ngao ninayo, ya karatasi. Nyuma yake kuna tangazo la sabuni. Wewe uliyetembea nchi za watu, hebu nishauri: nianze kugonga mlango upi?