Magoti Jikoni

Kitu kinachonichemsha haraka kuliko sufuria ya uji ni mtu kusema nawatesa watoto wangu. Ndiyo, wangu. Serikali iliwaweka kwa ile nyumba ya watoto hapo Kisii mjini, lakini aliyewapikia na kuwafulia ni mimi, msichana wa kijiji cha Gesima niliyeacha shule darasa la nne, Kiswahili nikajifunza mwenyewe kwa redio na kubishana sokoni.

Mambo yalipoharibika Uganda, polisi walituletea msichana mdogo na kaka yake mdogo zaidi. Walikuwa wamepotezana na mama yao mpakani, wakae kwetu mpaka apatikane. Kaka alilala ameshika gauni la dada yake. Ukimtoa vidole, anaamka.

Asubuhi ya kwanza nilimpa yule msichana uji. Akaanguka magoti, chini kabisa, mikono miwili mbele. Mimi nilijua magoti ya shule tu: umepiga kelele, unapigishwa magoti.

"Inuka! Nani amekuadhibu? Nionyeshe nimfuate sasa hivi!"

Kiswahili hakujua. Akaona nimekasirika, akainama zaidi. Kaka akaangua kilio. Nikakimbia kumwita mke wa fundi cherehani wa jirani, Mwislamu aliyezaliwa Kampala. Alipoona, alicheka mpaka akashikilia gunia la makaa.

"Anakusalimia, dada! Kwao mtoto wa kike hamwamkii mkubwa akiwa amesimama kama nguzo ya simu."

"Kwani mimi ni mkubwa?"

"Kwake ni mkubwa. Kwetu sisi wewe ni makelele tu."

Siku hiyo nilitembea kichwa juu kama mke wa chifu. Watoto wengine nao wakaupenda ule mchezo. Haikuchukua muda, foleni yote ya uji ikawa inapiga magoti, wavulana kwa wasichana, wakisukumana na kucheka.

Halafu mama mkubwa wa nyumba, msimamizi wetu, akaniita pembeni. "Leo kuna afisa wa watoto anatoka Kisumu. Anataka kumhamishia msichana kwa nyumba ya wasichana huko, kaka abaki hapa. Akiona wanatunzwa vizuri, atawaacha pamoja. Nakuomba, huo mdomo wako."

"Mdomo wangu una nini?"

"Ndio huo sasa."

Nikaapa kunyamaza. Lakini afisa alipitia mlango wa nyuma. Alichokuta ni foleni nzima ya watoto magotini, msichana mbele, na mimi nimesimama juu yao na mwiko mkononi.

"Wamefanya kosa gani hawa?"

"Hakuna kosa, bwana. Wananisalimia."

"Wanakusalimia? Wewe mpishi?" Akamgeukia mama mkubwa aliyekuja mbio. "Mama, nimeona nyumba mbaya, lakini hii! Huyu msichana ataondoka na mimi leo."

Kaka hakuelewa neno, ila kidole cha afisa alikiona. Akakamata gauni kwa mikono miwili. Damu ikanipanda.

"Hutawatenganisha! Mama yao akija, tumpe nusu? Nitakalia hiyo gari yako mpaka matairi yaishe upepo!"

Mama mkubwa akafunika uso. Yule msichana akatuangalia, mimi kisha mgeni. Nafikiri aliona tunagombana kwa sababu mgeni hajaamkiwa. Akasogea mpaka kwa viatu vya afisa, akapiga magoti, akamsalimia kwa Kiganda, taratibu, salamu ndefu yenye maswali. Afisa akaruka nyuma.

"Sijakuambia upige magoti!"

"Na mimi je, nani ameniambia?" Nikaanguka magoti kando yake, mwiko na yote. "Karibu, bwana. Habari ya Kisumu? Watoto hawajambo? Ng'ombe wanakamuliwa?"

Foleni ikapasuka kwa kicheko. Yule msichana aliniona ninavyoyumba na mwiko, akacheka, mara ya kwanza tangu aje kwetu. Afisa alimtazama akicheka, akamtazama kaka anayecheka kwa kuwa dada anacheka. Akavua kofia.

"Wabaki. Wote wawili. Na wewe inuka, uji unaungua."

Kweli uliungua. Tuliunywa hivyo hivyo.

Mama yao alipatikana mahindi yakikomaa. Alifika jikoni kwangu na viatu vya vumbi, watoto wamemning'inia shingoni, akaniona, na yeye, mtu mzima kunishinda, akashuka magoti. Safari hii sikupiga kelele. Nikashuka pia. Tukabaki hapo chini tumeshikana mikono, kila mmoja akimngoja mwenzake ainuke kwanza.