Siku Mgambo Walipowachukua Waombolezaji Wetu

Mtu akiniambia kwamba Kasulu ya miaka ya sabini ilikuwa na uongozi mzuri, na kwamba siku hizi ndiyo mambo yameharibika, huwa namuuliza kwanza alikuwa anaishi upande gani. Kama aliishi kule juu, kwenye nyumba za serikali zilizozungukwa na mikaratusi, simlaumu. Yeye aliona mji safi wenye utaratibu. Sisi wa bondeni tuliona mengine, na mimi hasira yangu haijaisha. Sitajifanya imeisha.

Hapo nyuma tulikuwa na halmashauri ya wilaya. Madiwani wale sikuwapenda, maana wengine walikwenda mkutanoni kusinzia na wengine walifuata chai. Lakini walikuwa watu wa hapa. Ukimkuta diwani sokoni unamsema mpaka anakosa pa kuweka uso. Halmashauri ikafutwa, tukaambiwa kwamba sasa madaraka yamesogezwa karibu na wananchi. Yalisogezwa kweli, yakaja na watu wa mikoa mingine, na kila ukiwauliza jambo wanakujibu kwamba maagizo yametoka mkoani. Kabla ya hapo nilikuwa nimeishi Kibondo, mume wangu alipokuwa seremala huko, na Kibondo ilikuwa hivyo hivyo. Mtu analetwa, anakaa mpaka anaanza kuzoea baridi yetu, kisha anahamishwa. Wewe unabaki na amri zake.

Huyu wa kwetu alikuwa katibu kata. Kijana mtanashati, shati limenyooshwa hata siku za matope. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kinateleza. Sisi tukifungua mdomo Kiha kinatangulia, basi akadhani na akili zetu zinachelewa. Aliwahi kumsahihisha mama yangu mbele ya watu, mama mtu mzima, kisa amesema neno kwa lafudhi ya kwetu. Mimi nilitaka kumtolea uvivu siku ile ile, mama akanishika mkono.

Wakati huo ilikuwa kilimo, kilimo. Huko Titye na Rungwe Mpya watu walikuwa wameshahamishwa na malori, wakapangwa kwa mistari kwenye vijiji vipya. Sisi wa mjini tulijiona tumesalimika. Kumbe zamu yetu ilikuwa njiani. Tukaambiwa kila mtu, awe na duka, awe na cherehani, lazima alime shamba la kata kule mteremkoni. Kulima sikukataa. Mvua zilikuwa zimetusaliti na chakula kilikuwa cha shida, nani asiyejua? Kilichonikera ni kwamba yule bwana hakuwahi kutuuliza tunaishije.

Kwetu, mtu akifariki, jirani hashiki jembe. Shamba linaachwa. Jembe linaloingia ardhini ni lile la kaburi tu, na ukoo wetu una utaratibu wake: mtoto wa kwanza wa kiume wa marehemu ndiye anayekata udongo wa kwanza, wengine ndipo wanapokea. Watu wanakaa na wafiwa, wanaota moto, mpaka siku ya kuanua matanga. Hakuna mwenye shida na hilo, kwa sababu kesho msiba ni wako. Katibu kata aliona ni ujanja wa wavivu. Akatangaza kwenye mkutano kwamba watu wa hapa wanafiwa kila siku, na kuanzia leo msiba hautasimamisha kazi. Alisema huku anacheka. Wapo waliocheka naye, wa kwetu kabisa, na hao pia sijawasahau.

Basi mama yangu akafariki. Aliugua tumbo, akaisha taratibu, akaenda. Kaka yangu, mtoto wake wa kwanza na mwanamume pekee kwetu, alikuwa Titye, ikabidi tumtume mtu kumfuata na sisi tumngoje. Mwili tuliulaza ndani, tukafukiza majani, tukangoja. Muuza duka jirani yetu, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Ujiji, alitoa shuka jeupe la sanda wakati nguo zilikuwa hazipatikani hata kwa dawa, na akaja mwenyewe kukaa uani na wanaume. Sisi ni watu wa kanisa, lakini msiba haukuulizi unasali wapi.

Kaka alifika asubuhi, miguu imejaa tope mpaka magotini. Aliingia ndani akamwona mama, akatoka. Akachukua jembe, akaenda kwenye migomba ya mama nyuma ya nyumba, mahali alipotaka alazwe. Wanaume wakamfuata. Hakuwa hata ameinua jembe mgambo walipotokea kwenye njia ya mtoni, na fimbo zao, na mjumbe wa nyumba kumi nyuma yao anatazama chini. Mjumbe huyo alikuwa amekula kwetu jana yake.

Walisema mkaguzi wa mkoa anakuja, shamba la kata limejaa magugu, na hapa kuna kundi la wanaume wazima wamekaa asubuhi yote. Kaka akawaambia kuna maiti ndani. Wakasema amri ni amri. Aliposogea kuwaelewesha akapigwa fimbo ya bega, jembe likamtoka. Wakawachukua wote. Yule mzee wa duka naye wakamchukua, mtu wa kutembea na mkongojo, akalime nini? Uani pakabaki moto na mabenchi matupu.

Nilikwenda ofisini mbio, khanga ya msiba kiunoni. Katibu kata alikuwa mezani anakunywa chai. Nikamwambia, "Ndugu katibu, nirudishie kaka yangu amzike mama yetu, kisha umchukue hata mwezi." Sikumpigia kelele. Nilimwomba, na kumwomba kule ndiko kunakoniuma zaidi. Akaniambia watarudi mkaguzi akishapita, kesho au kesho kutwa. Nikamwambia mwili haungoji tena. Akajibu, bila hata kuweka kikombe chini, "Mama, maiti hana haraka. Mwenye haraka ni mkaguzi."

Nilirudi nyumbani. Wanawake walikuwa wamekaa wananiangalia usoni, hawakuhitaji kuuliza. Ndani harufu ilikuwa imeanza, na kila mtu anajifanya haisikii. Shangazi yangu, dada wa baba, alisema hatuwezi kumwacha mama aharibike kitandani kwa sababu ya magugu ya serikali. Nikaenda nikaliokota lile jembe pale lilipomtoka kaka. Nilikata udongo wa kwanza mimi. Ni mkosi, nilijua ni mkosi, na shangazi alikuwa analia kwa sauti wakati nakata, lakini hakunizuia. Baadaye wakapokea wengine. Mke wa mzee wa duka alijifunga ushungi akaingia shimoni. Mimi na shangazi na majirani tulimbeba mama kwenye machela ya miti, tukamteremsha vibaya, upande mmoja ukatangulia, nikasikia mwili unagonga. Sauti hiyo sijawahi kumsimulia kaka.

Kaka alirudi kesho kutwa yake, baada ya mkaguzi kupita na gari bila kushuka. Alikuta udongo umeshakauka juu. Alisimama pale migombani mpaka jua likazama. Hakunilaumu. Aliuliza tu ni nani aliyekata wa kwanza, nikamwambia ni mimi, akaitika kwa kichwa.

Matanga yalipokwisha tukaitwa mkutano wa kata uwanjani. Katibu kata alisimama, akawashukuru wananchi kwa kuitikia wito. Kisha akasema anataka kuwapongeza kipekee akina mama wa bondeni, kwa sababu amepata taarifa kwamba siku ile, wanaume wakiwa shambani, hata wao walishika majembe. Akasema huo ndio mfano wa kuigwa. Watu wakapiga makofi. Waliojua na wasiojua, wote walipiga.

Nikasimama. Nikamwambia, "Tulishika, ndugu katibu. Tulichimba kaburi la mama yangu, kwa sababu mwenye kulichimba ulikuwa naye wewe."

Yule bwana alinitazama, akaangalia karatasi zake, akasema, "Poleni kwa msiba, mama, lakini tusichanganye mambo." Kaka alikuwa amekaa chini mbele yangu. Nikaona ameinamisha kichwa katikati ya magoti, na mabega yanatikisika kwa kilio, mtu mzima mwenye watoto, mbele ya mji mzima. Katibu kata alikohoa, akasema twende kwenye ajenda inayofuata, ambayo ni vyoo.