Ukuta wa Depo

Juzi, kwenye simu ya mwanangu, niliona wanaume wakicheza futiboli ya Amerika, ile ya kubeba mpira mikononi, ndani ya jumba. Uwanja ulikuwa mfupi, umezungukwa na ukuta uliofunikwa magodoro manene. Niliyatazama magodoro yale hadi mwanangu akaniomba simu yake.

Mchezo huo tulifundishwa utotoni na binamu yangu Dieudonné, aliyekuja mtaani kwetu Songo kwa likizo kutoka Amerika. Alasiri moja alitupeleka kwenye depo tupu iliyonuka mawese. "Huku inje haiko," alisema. "Ukuta iko ndani ya muchezo. Mwenye mpira, munaweza kumusukuma pale." Magodoro hakuyataja. Mimi nilielewa kwamba anayesukumwa kwa sheria haumii.

Nadine ndiye aliyeudaka mpira. Yeye na mama yake walikuwa wamekimbia vita, wakahifadhiwa kwetu, na kila usiku alilalia nusu ya kitanda changu. Nilimsukuma kwa nguvu zangu zote. Uso wake uligonga tofali, nikasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Nikauokota mpira, nikakimbia nao hadi mwisho, wenzangu wakapiga makofi.

Nyumbani, mama yake aliona meno mawili yamekatika. Alimtazama mama yangu, mwenye nyumba, kisha akamgeukia binti yake.

"Umuombe dada yako pardon," alisema kwa sauti ndogo. "Ni weye uliharibu muchezo yao."

Nadine aliniomba msamaha, kinywa kimejaa damu. Nami nikamsamehe.