Neno la Tonton Apollinaire Mbele ya Sahani ya Mpose

Neno moja tu la Kiingereza lilitaka kunikosesha mume.

Usicheke.

Naitwa Olga. Asili yetu ni Yanonge, ila tumekulia hapa Kisangani. Kwetu mgeni wa heshima anapewa mpose, wale funza wanono wa mchikichi, wamekaangwa na pilipili mpaka wanang'aa.

Na kijana akija kuomba binti, sahani hiyo ndiyo jibu lake. Akiisukuma pembeni, amemkataa binti. Wageni wanavaa viatu, wanaondoka.

Mchumba wangu, Ezéchiel, ni Mnande wa Butembo. Tulikutana chuoni, darasa la Kiingereza. Alikuja na baba yake mdogo, Tonton Apollinaire, mfanyabiashara anayefuata vitenge Kampala. Jamaa anajisikia, acha tu.

Mama akafunua sufuria. Harufu ikajaa nyumba, mimi mate yakanijaa mdomoni. Tonton akakunja pua, akamwinamia Ezéchiel:

"Disgusting."

Moyo wangu paa!

Neno hilo si la mtu ambaye hana njaa. Ni la mtu anayetaka kutapika. Unalisema ukiona panya aliyeoza, si mbele ya jasho la mama mkwe.

Tonton alidhani pale wazee hawasikii Kiingereza. Lakini baba alikuwa ameshaweka kijiko chini.

"Mutoto yangu," akamwambia Ezéchiel polepole, "ile neno tonton anasema, maana yake nini?"

Tonton akajifanya anatafuta simu.

Mimi nilikuwa mlangoni na jagi la maji. Nikamkazia Ezéchiel macho. Danganya, mpenzi! Sema ni kitamu. Sema ni sala ya kabla ya kula. Sema chochote!

Ezéchiel akamgeukia baba.

"Papa, ni kusema... kitu ya kutia kinyaa. Kinyaa kabisa."

Mama akajishika kifua. Mimi nilijua nimekwisha. Nilimchukia saa ile, kweli ya Mungu.

"Na weye?" baba akauliza. "Weye unaiona namna gani?"

"Mimi pia inanitia kinyaa, papa. Kwetu haiko. Lakini ni chakula ya kwao Olga, donc nitakula."

Akachukua mmoja. Akatafuna. Machozi yakamlengalenga, akameza. Akachukua wa pili.

Baba akasimama. Ni mtu mrefu, akisimama nyumba yetu inakuwa ndogo. Nilijua anakwenda kuwafungulia mlango.

Akaenda kukaa kando ya Ezéchiel.

"Ile neno naijua," alisema. "Zamani nilikuwa napikia wageni wenye walikuwa wanasoma pori kule Masako. Kila saa ya kula: disgusting, disgusting. Nikauliza mutu mwenye alikuwa anawatafsiria. Akaniambia, papa Augustin, wanasema iko tamu sana. Bon, nikafurahi! Nikaileta mpaka ku nyumba. Mama Olga akipika, namwambia: disgusting, chérie."

Mama aliinamisha kichwa. Kisa hicho alikuwa anakijua.

"Mpaka siku moja nikaisema mbele ya wageni wenyewe. Walicheka mpaka wengine wakaanguka toka ku kiti. Ndiyo nikajua. Na watu wote wenye niliuliza mbele ya ile siku walinidanganya, eti heshima."

Akamwekea Ezéchiel mkono begani.

"Huyu mutoto ni wa kwanza kuniambia kweli. Olga, leta maji. Huyu ni wako."

Jagi lilinidondoka. Nililia mbele ya watu, wala sikuona aibu.

Kisha baba akasogeza sahani upande wa Tonton.

"Na weye, bokilo, mukwe wetu, onja. Hautakufa."

Tonton Apollinaire alikula. Alivyokunja uso, mpaka mama akacheka.

Dada zangu, mwanaume anayesifu kila sahani ya kwenu, mwogopeni. Anayekwambia wazi kwamba inamtia kinyaa, halafu akala kwa ajili yako, huyo mshike kwa mikono miwili.