Kitabu Kilichovalishwa Kaki

Sikuwa na homa, sikuwa nasinzia, na ilikuwa saa nane mchana. Atakayesema natunga, shauri yake. Yalinikuta hapa hapa Toronto, mtaa wa Weston, mwaka 2011.

Kanisani kwetu waliuza mitumba ukumbini, nami nikaingia kutafuta sweta. Badala yake nikakiona kitabu: riwaya ya mapenzi ya Ayalandi ya zamani, jaladani binti wa chifu yuko juu ya farasi. Jamani, kitabu kile nilikijua.

Ngojeni niwaeleze. Shuleni kwetu Kilimanjaro, kwa masista wa Kiayalandi, nilikuwa nacho kitabu hicho hicho, na riwaya za mapenzi zilikuwa marufuku. Rafiki yangu Felista akakivalisha karatasi ya kaki, tukaandika juu "Hisabati". Alikuwa fundi huyo! Pembe anazikunja mara tatu, gundi hatumii. Tulikisoma pamoja, tukabakiza sura mbili. Siku ya ukaguzi nikaogopa, nikakisukuma chini ya godoro lake. Wakakikuta, wakamfukuza shule. Mimi kimya. Hata alipofariki Moshi, miaka mingi baadaye, nilituma rambirambi tu. Mwoga mkubwa mimi.

Basi, nikakaa mezani nakipekua. Akaja mama mmoja, koti zito, skafu hadi kwenye nyusi, akaketi kando yangu bila salamu. Akakichukua kitabu mkononi mwangu, akachana mfuko wa kaki uliokuwa mezani, akaanza kukivalisha. Nilidhani ni mmoja wa wahudumu. Pembe akaikunja mara moja. Mara ya pili. Ya tatu.

"Mama bado ananikasirikia," akasema, sauti ile ile ya bwenini. "Mwambie kilikuwa cha nani."

Miwani ikanianguka. Nilipoinuka nayo, kiti kilikuwa kitupu. Nikamuuliza mzee Mkongo aliyekuwa akiuza kahawa, amekwenda wapi yule mama?

"Mama yupi? Tangu uketi uko peke yako."

Nilipiga simu Moshi pale pale. Kwao ulikuwa usiku, sikujali. Mama yake Felista, bibi kizee sasa, akapokea. Nikamweleza yote nikilia.

"Nilimchapa kwa kitabu hicho," akasema. "Aliniambia si chake, nikamwita mwongo. Nikamuuliza ni cha nani, akakataa kukutaja. Akasema mwenyewe atakuja kusema."

Kitabu ninacho mpaka leo. Kaki yake inanukia nta ya sakafu ya bwenini, nawaapia, na huku Weston hakuna anayeipaka. Zile sura mbili sijazisoma. Nitazisoma na nani?

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu amebeba kosa lako, sema leo. Bibi yule alifariki wiki mbili baada ya simu yangu. Wajukuu wanasema siku zake za mwisho alikuwa akiliita jina la Felista, akimwomba msamaha.