Nilivyojipalia Makaa kwa Kiingereza

Baba yangu ni karani wa mahakama mjini Kigoma. Kwa miaka mingi amewasikiliza mawakili wakibishana mpaka ubishi ukamwingia kwenye damu. Nyumbani kwetu Bangwe mtu hakusema tu kwamba chai imepoa. Baba aliuliza imepoa tangu saa ngapi, nani alikuwepo, na kama mlalamikaji aliifunika au aliiacha wazi. Mama alimjibu kwa kuichukua hiyo chai na kuimwaga uani.

Nilipofika kidato cha sita, nikisoma Historia, Kiswahili na Kiingereza, baba alikuwa ameshatoa hukumu kwamba chuoni nitasoma sheria. Mimi nilitaka sanaa za maonyesho. Nilimwambia mara moja tu, tukiwa tunakula ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka aliyeungwa kwa mawese. Akarudisha tonge kwenye sahani.

"Maigizo," alisema. "Nikusomeshe miaka yote hii uje ubandike ndevu za pamba?"

Nilinuna. Mimi nikinuna hata milango inajua, maana ndiyo inayopigwa. Lakini haikusaidia kitu. Maombi ya chuo yangefuata baada ya mtihani wa mwisho, ada na nauli zingetoka kwa baba, na bila neno lake nisingefika hata Tabora.

Sasa, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa Kagera aliyehamishiwa shuleni kwetu Ujiji, mrefu, mpole, na mkaidi kupita nyumbu. Aliamini kwamba swali la mtihani la kuandika hotuba ya kushawishi haliwezi kujibiwa na mtu ambaye hajawahi kusimama mbele za watu. Kwa hiyo kila wiki alituletea kopo la maziwa ya unga lenye vikaratasi, na kila mtu alichomoa upande wake. Ukipata kutetea, unatetea. Ukipata kupinga, unapinga, hata kama unachopinga ni wali wa sikukuu.

"Anayejua kusemea anachokiamini tu hajui kushawishi," alituambia. "Anajua kung'ang'ania."

Alikuwa na sharti jingine: kila hotuba iwe na mfano wa kweli kutoka maishani mwa msemaji. Hotuba isiyo na mfano wa kweli, alisema, ni tangazo la sabuni.

Mtihani ulipokaribia, ikaja siku ya wazazi, na mwalimu akaamua wageni wasikie matunda ya kopo lake. Wasemaji tulichaguliwa wawili, mimi na rafiki yangu. Mada aliiandika ubaoni kwa herufi kubwa: mzazi ndiye anayepaswa kumchagulia mtoto fani ya kusomea. Nusura niruke. Baba angekuwepo, angekaa mbele kama kawaida yake, na mimi ningesimama nimwambie yote yaliyonikaa kooni, kwa Kiingereza fasaha, mbele ya watu, na asingeweza kunijibu kwa sababu wageni hawaruhusiwi kuchangia. Nilitia mkono kwenye kopo huku nikiomba dua zote ninazozijua.

Nilitoka na kutetea.

Kupinga kulimwangukia rafiki yangu, ambaye wazazi wake hawakujali asomee nini, angeweza kusomea hata kufuga njiwa. Nilimbembeleza mwalimu atubadilishe. Akatikisa kopo tupu na kuniambia kura ni kura.

Nilifanyia mazoezi ufukweni Katonga, ambako mama huanika dagaa zake. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya chanja na fimbo ya kufukuzia kunguru, na hapo nikahutubia. Wanawake wenzake na mama hawakuwa wakifuata Kiingereza changu, ila nilipoinua fimbo na sauti kwa pamoja walipiga vigelegele. Kunguru nao walikuja kwa wingi kuliko siku zote, nadhani walikuwa wa upande wa kupinga.

"Unawaambia nini hao dagaa?" mama aliuliza.

"Kwamba mzazi ndiye anayejua zaidi."

Akaacha kugeuza dagaa. "Na hayo unayasema kwa hiari yako?"

"Ni kura, mama. Unachomoa karatasi, ukishachomoa ndiyo imetoka."

"Hata kama hutaki?"

"Hata kama hutaki."

"Haya," alisema mama, akaendelea kugeuza dagaa.

Siku ya wazazi ilipofika, baba alivaa koti lake la mahakamani na kukaa kiti cha mbele, simu mkononi tayari kurekodi. Nilikuwa nimejiahidi kusema vibaya makusudi, nijikwae, nisahau, nishindwe vizuri. Lakini nilipomsalimu mwenyekiti mtukufu na mtunza muda makini, nikaona macho yote yale yananisubiri, shetani wa jukwaani akanipanda. Niliwauliza maswali yasiyo na jibu. Nilishusha sauti mpaka walio nyuma wakainama mbele. Ulipofika mfano wa kweli, nikamtoa baba yangu, karani anayerudi jioni macho mekundu kwa kusoma majalada ya kesi za watu, na nikauliza ni mtoto gani mwenye akili timamu atamwambia mzee kama huyo kwamba hajui kitu. Hapo nikalia. Machozi yalikuja yenyewe nilipoyaita, jambo ambalo, ukilifikiria, ndilo hasa lililonifanya nitake sanaa za maonyesho.

Wazazi walifuta macho. Rafiki yangu alisimama kupinga akasema hana la kuongeza, akakaa. Nilishinda kwa kura zote, pamoja na yake.

Na hivyo ndivyo nilivyojipalia makaa. Baba alirudi nyumbani anang'aa. Aliichezesha ile rekodi sebuleni, akaichezesha kwa majirani, akaichezesha kwa mjomba aliyetoka Mwandiga kuleta mihogo, akisimamisha kila sentensi kumtafsiria. Mtihani nikafanya, nikamaliza, na kila nilipofungua mdomo kuhusu chuo, yeye alifungua simu. Nikawa nabishana na sauti yangu mwenyewe, na ile ya kwenye simu ilikuwa inanishinda.

"Ilikuwa kura, baba," nilimwambia. "Nilipangiwa."

"Shahidi hawezi kuukana ushahidi wake mwenyewe," alijibu. "Tena ulilia."

Hasira zilinishika nikatamani kuitupa ile simu ziwani. Nilijisikia mpumbavu, na zaidi ya hapo nilijisikia peke yangu, maana nani atamwonea huruma mtu aliyejifunga kamba kwa ustadi wake? Nilikwenda kulalamika kwa mama aliyekuwa jikoni uani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie mbishane kwa kopo."

Jumapili alasiri baba alirudi kutoka bandarini. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akienda huko, kunyoosha miguu, alivyosema, na alirudi akiwa mkimya kidogo. Nikamwomba tufanye mdahalo, mimi na yeye, kwa masharti ya mwalimu niliyomweleza mama yote, mada ileile, mama awe mwenyekiti na uamuzi wake uwe wa mwisho. Baba hajawahi kukataa ubishi. Alifunga vifungo vya koti.

"Kwa Kiswahili," alisema mama. "Mwenyekiti hana Kiingereza."

Hapohapo jikoni uani mama aliandika vikaratasi viwili, akavikunja, akavitia kwenye kopo la chumvi. Baba akachomoa kwanza kwa heshima ya umri. Alikifungua, akakisoma, akakigeuza kuona kama nyuma kuna zaidi.

"Imeandikwa nini?" niliuliza.

"Kupinga," alisema baba. "Mtoto ajichagulie mwenyewe."

"Basi mwenzako anatetea," alisema mama, na kile cha pili akakitupa kwenye jiko la mkaa, kwamba hakina kazi tena.

Baba alianza kwa kuchechemea. Alisema kwa mujibu wa hiki na kwa kuzingatia kile, akakohoa, akanywa maji. Nilianza kufurahi, halafu nikakumbuka kwamba akishindwa yeye nimeshindwa mimi.

"Mfano wa kweli," alisema mama. "Bila mfano ni tangazo la sabuni."

Baba aliweka kikombe cha maji chini. Alipoanza tena, ile sauti ya mahakamani ilikuwa imekwisha.

"Nikiwa kijana kama huyu," alisema, "walikuja watu wa meli. Walitaka vijana wa kujifunza injini. Wakanichagua. Mzee wangu akasema majini hakuna kaburi, kaa kivulini uandike. Nikakaa kivulini. Sikupata shida, sisemi nilipata shida. Nimekula, nimewalisha." Akaangalia mikono yake. "Lakini kila Jumapili naenda kuzitazama meli zikipakia mizigo ya Kalemie, kule Kongo. Mama yako anadhani naenda kunyoosha miguu."

"Sidhani," alisema mama.

Ikawa zamu yangu. Hotuba nilikuwa nayo kichwani neno kwa neno, ile iliyowaliza wazazi wote Ujiji. Nilisimama, nikamsalimu mwenyekiti mtukufu, nikamwangalia baba kwenye koti lake, na machozi yakaja. Safari hii sikuwa nimeyaita, na hayakuniacha niseme kitu. Nikakaa.

"Baba ameshinda," alisema mama.

Baba akainuka kwa furaha, akanipa mkono kama mawakili wanavyopeana wakimaliza kesi. Tulikuwa bado tumeshikana mikono alipogundua alichokishinda. Alimgeukia mama taratibu.

"Rufaa inakatwa wapi?"

"Uikate kwa nani?" alisema mama, akabandika sufuria ya maharage juu ya lile jiko.

Sijui mpaka leo kile kikaratasi cha pili kiliandikwa nini. Nimemuuliza mama mara nyingi, na kila mara ananiuliza kama nimekula.

Mwaka wangu wa pili chuoni, Dar es Salaam, niliigiza babu mmoja msumbufu, nikiwa na kanzu, bakora, na ndevu za pamba mpaka kifuani. Wazazi wangu walipanda treni kuja kunitazama. Baba alivaa koti, akakaa kiti cha mbele, akarekodi mwanzo mpaka mwisho. Mama anasema bwana aliyekaa pembeni yao alimwinamia baba na kumuuliza kama yule babu ni mtoto wake.

"Wangu," alijibu baba. "Ile kesi yake niliisimamia mimi."